Kutokufa na uhai baada ya kifo (Katanga)

Kutokufa ni imani kwamba uhai wa mtu hauishii kaburini. Huko Katanga, ambako Wasanga, Wayeke, Waluba na watu wa makabila mengine mengi walikutanishwa na migodi, imani hiyo ina mizizi miwili: uhai wa wahenga ndani ya ukoo, na ufufuo unaohubiriwa na Ukristo na Uislamu. Mizizi yote miwili ipo Kakontwe, eneo la mji wa Likasi (Jadotville hadi 1966).

Wahenga. Kwa Waluba, marehemu hubaki mwanaukoo. Huombwa baraka, huarifiwa mambo ya nyumbani, na mtoto mchanga hupewa jina lake. Mfalme alipofariki, makao yake yaligeuka kitenta, mahali pa kumbukumbu yake. Roho yake iliaminiwa kumpanda mwanamke aliyeitwa mwadi, ambaye alirithi alama za utawala wake na kusema kwa niaba yake. Mwadi alipofariki, mwanamke mwingine wa ukoo wake alishika nafasi hiyo.

Maandishi. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933, aliandika juu ya fikra hizo katika kitabu *La philosophie bantoue*, kilichotoka Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1945. Alieleza kwamba nguvu ya uhai ya marehemu hupungua lakini haizimiki maadamu wazao wanahusiana naye. Waliokatikiwa na uhusiano huo ndio bafu ba kufwididila, wafu waliokufa kabisa. Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, alimkosoa Tempels kwa kuibebesha jamii nzima fikra moja. Naye Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, alieleza jambo linalokaribiana na hoja ya Tempels: marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo katika wakati anaouita Sasa, na akifa wa mwisho aliyemfahamu huzama katika ule anaouita Zamani.

Jamaa. Katika miaka ya 1950, Tempels na wafanyakazi wa mgodini Kolwezi walianzisha Jamaa, chama cha Wakatoliki wanandoa kilichoenea katika miji ya migodi. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili na kusimama juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Humo, uzima wa milele na uzima wa ukoo havikupingana.

Kilio na matanga. Msiba ukitokea, majirani huleta viti na kuchanga pesa. Wanaume hukesha nje kando ya moto, wanawake hulala kwenye mikeka pamoja na wafiwa, na kwaya huimba juu ya mbinguni. Baadaye wazee hukaa kikao cha ukoo: nani atawatunza wajane na yatima, na madeni ya marehemu yatalipwaje. Hivyo watu wale wale humwombea marehemu ufufuo na kumtafutia wa kushika nafasi yake.

Tathmini. Ni makosa kuita hali hii mchanganyiko wa imani usioeleweka. Ufufuo hujibu swali la marehemu anakwenda wapi. Ukoo hujibu swali la walio hai wanadaiwa nini naye. Anayetaka kuelewa kutokufa Katanga ayasikilize majibu yote mawili, kwani wenyeji hawajaona sababu ya kuacha hata moja.