Xi Chu Wang Wai: Furaha Iliyopita Matumaini

Miongoni mwa semi za Kichina zenye maneno manne, upo mmoja utamkwao xi chu wang wai. Xi ni furaha, chu ni kutoka, wang ni matumaini, na wai ni nje. Maana yake ni furaha iliyovuka mipaka ya matumaini.

Asili ya usemi huo huhusishwa na barua ya Su Shi, mwandishi mashuhuri wa Enzi ya Song ya Kaskazini, aliyeishi kati ya mwaka 1037 na 1101. Su Shi alikuwa mshairi na pia ofisa wa serikali, na kutokana na migongano ya kisiasa alipelekwa uhamishoni mara kadhaa. Mwaka 1094 alipelekwa Huizhou, kusini mwa China, na mwaka 1097 akavushwa bahari hadi Danzhou, kisiwani Hainan. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 60, na hakutarajia kurudi akiwa hai. Alisema kuwa akifika huko, jambo la kwanza litakuwa kutengeneza jeneza lake. Kisiwani alikosa nyama, dawa na hata makazi, mpaka wenyeji walipomsaidia kujenga kibanda.

Mwaka 1100 mfalme Zhezong alifariki dunia, na mrithi wake, Huizong, akatoa msamaha. Su Shi akavuka tena bahari kurudi bara. Njiani alipokea barua za rafiki yake Li Zhiyi, ambaye alikuwa ametengana naye kwa miaka minane. Katika jibu lake ndipo alipoandika maneno hayo manne. Mwaka 1101 aliaga dunia mjini Changzhou.

Usemi huo hautumiki kwa kila furaha. Mwanafunzi aliyejitayarisha vizuri akifaulu mtihani, hufurahi tu. Lakini mzazi aliyekwisha kata tamaa, akimwona mwanawe aliyepotea amesimama mlangoni, furaha yake ndiyo xi chu wang wai.

Waswahili nao husema, baada ya dhiki faraja. Methali hiyo humliwaza mtu angali katika dhiki. Usemi wa Kichina hauahidi lolote, bali hutamkwa faraja ikishafika. Su Shi hakuyaandika maneno hayo akiwa Hainan. Aliyaandika alipokwisha vuka.