Umri wa Mawe ya Mlima Wati

Kwa Walugbara wa Arua, historia huanzia milimani. Wazee husimulia kwamba mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ndio waliowazaa waasisi wa koo. Jaki alifia Mlima Liru, upande wa Koboko. Dribidu alifia Mlima Wati, uitwao pia Eti. Masimulizi hayo hayahesabu miaka. Huhesabu vizazi, na hueleza nani ni ndugu wa nani.

Mawe nayo yana hesabu yake. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba madini ya urani hutoa miali yenyewe, bila kuchochewa na kitu. Miaka michache baadaye, Ernest Rutherford, akiwa Montreal, aliona kwamba gesi itokayo katika thoriamu hupungua nusu kila ipitapo kadiri ya dakika moja. Muda huo wa kupungua nusu ndio tuuitao nusu-uhai.

Mwanafunzi wa Onduparaka aweza kudhani kwamba nusu-uhai mbili zikipita hakuna kinachobaki. Sivyo. Tukianza na chembe 1,000, zitabaki 500, kisha 250, kisha 125. Kila mara hupungua nusu ya zilizobaki, wala si nusu ya zile za mwanzo. Hakuna awezaye kutabiri ni chembe ipi itakayogeuka leo. Lakini zikiwa nyingi mno, jumla yao hufuata kanuni isiyobadilishwa na joto la moto wala na mvua.

Kila kitu kina saa yake. Kaboni-14 ya makaa ya kale ina nusu-uhai ya miaka 5,730, nayo haifai kupima zaidi ya miaka 50,000 hivi. Kwa mawe ya kale hutumika rubidiamu-87, igeukayo strontiamu kwa nusu-uhai ya miaka bilioni 49 hivi. Wanajiolojia walioyachunguza mawe ya West Nile waliyagawa kwa makundi, wakaliita moja kwa jina la Wati na jingine kwa jina la Arua. Vipimo vimeonyesha kwamba mawe hayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Hata hivyo, katika muda huo wote rubidiamu-87 yake imepungua sehemu 3 au 4 tu katika kila 100.

Je, hesabu hii inayabatilisha masimulizi ya wazee? Hata kidogo. Strontiamu hutuambia jiwe lina umri gani. Haiwezi kutuambia ni nani aliyezikwa mlimani, wala kwa nini koo mbili huitana ndugu. Masimulizi nayo hayakudai kamwe kupima umri wa jiwe. Basi sisi walimu tusimfundishe mtoto kucheka hesabu moja kwa ajili ya nyingine. Tumfundishe kuuliza kila hesabu inapima nini, na tumpe maneno ya Kiswahili ya kuulizia.