Kiegama

Katika pembetatu mraba, upande mrefu kuliko zote kwa Kiswahili ni kiegama, kutokana na kitenzi egama. Mwanafunzi wa Likoni husoma hisabati kwa Kiingereza, na hukariri neno haipotenusi bila kuona upande huo unafanya nini. Ningependa walimu wampe neno kiegama siku ya kwanza kabisa.

Mpeleke ufukweni, Shelly Beach. Ngazi ya mita 6.5 imeegama ukutani, mguu wake uko mita 2.5 kutoka ukutani. Ngazi ndiyo kiegama, na kanuni ya Pythagoras inatupa kimo cha mita 6. Hapo hapana utata. Kinachowachanganya wengi ni mnazi. Swali la kitabuni hutaja kivuli cha mti na kuuliza urefu wa mti huo; mwanafunzi huchora shina wima, kivuli chini, na kiegama huwa mwale wa jua kutoka kileleni hadi ncha ya kivuli, mstari usioshikika. Lakini mnazi wa ufukweni aghalabu umeinamia bahari. Shina lenyewe ndilo kiegama, na kimo ni uzi wa timazi ulioteremshwa kutoka kileleni.

Neno hili lina mpaka wake. Fundi anayepima msingi kwa kamba za mita 3, 4 na 5 ana pembetatu iliyolala chini, hakuna kinachoegama. Hapo kiegama ni upande unaotazamana na pembe ya nyuzi 90, na alama ya pembe hiyo ichorwe kabla ya hesabu yoyote kuandikwa.