Mtoto wa Nyoka ni Nyoka? Nasaba Sokoni na Nasaba Madarakani

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Biashara kubwa ya farasi wa mbio imejengwa juu ya imani hiyohiyo: kwamba mtoto wa mshindi atakuwa mshindi. Insha hii inachunguza historia ya mnada wa farasi wa mwaka mmoja, kisha inauliza imani hiyo ilifanya nini ilipohamishwa kutoka kwa wanyama hadi kwa watu, hasa hapa Burundi.

Farasi wa mbio wa aina ya thorobredi wote, kwa upande wa baba, wanatokana na madume watatu walioingizwa Uingereza kati ya mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria, mwaka 1704. Mwaka 1766 Richard Tattersall alifungua nyumba ya mnada London, na mwaka 1791 James Weatherby akachapisha kitabu cha kwanza cha nasaba za farasi hao. Kuanzia hapo, farasi asiye na ukoo kitabuni alikosa soko la maana.

Katika minada ya Newmarket, Uingereza, na Keeneland, Marekani, mnunuzi huletewa mwanafarasi ambaye hajawahi kushindana hata mara moja. Anachopewa ni ukurasa wa orodha: baba, mama, bibi, na ndugu walioshinda, majina yao yakiwa yamekolezwa wino. Kisha humtazama akitembea, na daktari wa mifugo hukagua miguu na pumzi yake. Mengine yote ni matumaini.

Biashara hii haiko mbali nasi. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, haukupita muda mrefu walowezi wa Kiingereza wakaanza mbio za farasi huko. Uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954, wakati vita vya Mau Mau vikiendelea. Mlowezi alimiliki farasi mwenye ukoo. Mwafrika aliajiriwa kuwa saisi.

Je, soko lenyewe linathibitisha imani yake? Mwaka 1975 mwanafarasi aitwaye Seattle Slew aliuzwa Kentucky kwa dola 17,500 tu. Mwaka 1977 alishinda mbio tatu kuu za Marekani bila kuwahi kushindwa. Sifa hiyo ikapandisha thamani ya mama yake, My Charmer. Mwaka 1985 mwana mwingine wa jike huyo, Seattle Dancer, aliuzwa Keeneland kwa dola milioni 13.1. Alishinda mbio mbili tu maishani. Miaka miwili kabla yake, Snaafi Dancer alikuwa amenunuliwa kwa dola milioni 10.2; hakukimbia katika shindano lolote. Ukoo si bure, maana wafugaji wasingeushikilia kwa zaidi ya karne mbili. Hata hivyo, ukoo ni dalili, si hukumu.

Tatizo ni kwamba fikra hii haikubaki zizini. Mwaka 1869 Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, alichapisha kitabu kuhusu urithi wa vipaji. Alidai kuwa kama wanadamu wanaweza kuzalisha mbwa na farasi wenye mbio kwa kuwachagua wazazi, basi wanaweza pia kuzalisha watu wenye vipaji. Hapakuwa na haja ya kila mtawala wa kikoloni kumsoma Galton. Enzi hizo wazo kwamba wapo waliozaliwa kutawala na waliozaliwa kutawaliwa lilikuwa limeenea Ulaya.

Wabelgiji walilitumia Burundi. Mwanahistoria Joseph Gahama ameonyesha kwamba mwaka 1929 Wahutu walikuwa takriban asilimia 20 ya machifu. Kufikia mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Nafasi ziligawiwa Baganwa na Watutsi. Shule ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 katika Rwanda ya leo, iliandaa watumishi wa utawala, na wana wa machifu ndio waliopewa kipaumbele.

Hapa ndipo tofauti kubwa inapoonekana. Mnunuzi wa farasi akikosea, uwanja humsahihisha: aliyeuzwa kwa dola milioni 13.1 husimama kwenye mstari mmoja na wa bei ndogo, na mstari wa mwisho hauulizi jina la baba. Utawala wa kikoloni uliandika ukurasa wa nasaba, kisha ukawafungia wengine uwanja. Asiyepelekwa shule hakuweza kuthibitisha kwamba alistahili shule. Kwa hiyo ukurasa ule ulionekana kuwa kweli, kwa sababu tu haukuwahi kupimwa.

Nchi yetu imelipa gharama kubwa kwa kurasa kama hizo, mwaka 1972, mwaka 1993 na baadaye. Kazi ya mwanahistoria wa Burundi, kwa maoni yangu, si kuandika ukurasa mwingine wa ukoo wenye majina mapya. Ni kuuliza, kila tunapoambiwa kuwa fulani amezaliwa kiongozi, ni nani aliyeandika orodha hiyo, na ni nani hakuruhusiwa kukimbia.