Vespa kuukuu si chuma chakavu

Juma hili, msomaji mpenzi, nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wetu tumekiona kimeegemezwa ukutani uani kwa babu au kwa jirani, kimefunikwa gunia, na kuku wanataga chini yake. Nazungumzia Vespa. Mnunuzi wa chuma chakavu akipita na mzani wake, Vespa hiyo hupimwa kwa kilo ikaondoka. Huko Ulaya, Vespa ya miaka ya 1940 au ya 1950 hugombewa mnadani na watu wenye fedha zao. Kabla hatujaamua ni nani mwenye akili kati ya wawili hao, na tuitazame historia.

Kampuni ya Piaggio ilianzishwa na Rinaldo Piaggio mwaka 1884, karibu na mji wa Genoa, Italia. Ilianza kwa kutengeneza mapambo na samani za ndani ya meli, ikaingia katika mabehewa ya reli, na hatimaye ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda chake cha Pontedera kilihusika na ndege ya P.108, ndege kubwa ya mabomu yenye injini nne. Basi kiwanda hicho nacho kikawa shabaha ya mabomu. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kilikuwa magofu.

Enrico Piaggio, mwana wa Rinaldo, alibaki na mambo matatu mkononi: kiwanda kilichobomoka, wafanyakazi wanaotaka mkate, na taifa la watu wanaotembea kwa miguu kwa kuwa hawana uwezo wa kununua gari. Wahandisi wake walikwisha kuunda skuta moja ya majaribio, ambayo wafanyakazi waliiita Paperino, jina la bata wa katuni. Enrico hakupendezwa nayo. Akamwita Corradino D'Ascanio.

Mtu huyu hakuwa fundi wa pikipiki. Alikuwa mhandisi wa ndege, na helikopta aliyoibuni ilivunja rekodi mwaka 1930. Pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Aliona kuwa mnyororo unachafua nguo, kubadilisha tairi lililotoboka ni adhabu, na kukaa kwake ni kwa kupanua miguu kama mpanda farasi. Kwa hiyo alianza upya. Injini akaiweka kando ya gurudumu la nyuma, mnyororo ukatoweka. Gia akazipandisha kwenye usukani. Mbele akaweka ngao ya bati ya kuzuia matope, na katikati akaacha nafasi ili mwanamke mwenye sketi au padri mwenye kanzu apande bila taabu. Gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja wa pembeni, kama lishikwavyo gurudumu la ndege, ili litoke upesi.

Lakini jambo kubwa zaidi ni bodi. Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, na vingine vyote vimening'inizwa hapo. Vespa haina fremu hiyo. Bati lililokunjwa na kuchomelewa ndilo linalobeba uzito wote, kama kiwiliwili cha ndege. Naomba msomaji akumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Hati ya kulinda ubunifu huo iliombwa mjini Florence tarehe 23 Aprili 1946. Injini ilikuwa ya cc 98, na mwendo wake ulifikia kilomita 60 hivi kwa saa. Inasimuliwa kuwa Enrico alipokiona kiuno chake chembamba na nyuma yake pana, na kuusikia mvumo wake, alisema kinafanana na nyigu. Na nyigu kwa Kiitaliano ni vespa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1956, Vespa ya milioni moja ilitoka kiwandani.

Mshindani naye hakukawia. Ferdinando Innocenti, ambaye kiwanda chake cha mabomba ya chuma pale Lambrate, Milan, kiliharibiwa vilevile na vita, alitoa Lambretta mwaka 1947. Waitaliano wakagawanyika, huyu wa Vespa, yule wa Lambretta, kama sisi tunavyogawanyika kwa timu za mpira.

Sasa na tuvuke bahari, maana hapa ndipo hadithi hii inapofika mlangoni kwetu. Mwaka 1948 Piaggio waliongeza gurudumu la tatu, wakapata kigari cha mizigo walichokiita Ape, yaani nyuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilikuwa ikitengeneza Vespa na vigari vya namna hiyo kwa leseni ya Piaggio. Leseni ilipokwisha mwaka 1971, Wahindi waliendelea kwa jina lao, na skuta yao ikaitwa Chetak. Lambretta nayo ilihamia huko huko. Innocenti walipoacha kuitengeneza, mitambo ilinunuliwa na serikali ya India, na mwaka 1972 ikaundwa kampuni ya Scooters India. Kwa hiyo bajaji inayokupeleka Kariakoo, au tuktuk ya Mombasa yenye jina la Piaggio, ni mjukuu wa yule nyigu wa Pontedera. Usione vyaelea, vimeundwa.

Nirudi kwenye ukarabati. Niliwahi kukaa asubuhi nzima na fundi mmoja mtu mzima, kule Unguja, aliyeletewa Vespa iliyong'aa kama sahani mpya. Mwenyewe alitaka kujua inafaa kununuliwa kwa bei gani. Fundi hakugusa injini. Alichukua bisibisi akaanza kugonga sakafu ya kuwekea miguu, polepole, toka mbele hadi nyuma. "Sikiliza, mwanangu," aliniambia. "Bati zima lina mlio. Penye puti mlio unakufa." Mahali patatu mlio ulikufa. Chini ya rangi ile nzuri palikuwa na kutu, na juu ya kutu puti, na juu ya puti rangi.

Hapo ndipo tukumbuke ile habari ya bodi. Katika pikipiki nyingine puti huficha aibu tu. Katika Vespa huficha kifo, kwa kuwa sakafu ile ndiyo mgongo wa chombo. Mchezo huo haukuanzia kwetu. Vespa na Lambretta nyingi kuukuu zilizokarabatiwa Vietnam ziliuzwa Ulaya na Marekani zikiwa na rangi za kuvutia, na baadhi yake zilikuwa zimeungwa kwa vipande vya skuta mbili au tatu. Vyama vya wapenzi wa skuta huko viliwaonya wanachama wao.

Ukarabati wa kweli, basi, ni kazi ya subira. Bati lililooza hukatwa, likawekwa jingine na kuchomelewa. Sili zilizokauka hubadilishwa, kabureta ikasafishwa, platini zikapimwa. Hata mafuta yana elimu yake. Vespa za mwanzo hutaka oili asilimia 5 katika petroli, yaani lita moja kwa lita 20. Nyingi za baadaye zinatosheka na asilimia 2. Ukikosea kwa kupunguza, pistoni inakamata ukiwa barabarani. Wanaoyajua haya kwa mkono wengi ni wazee, na vijana wa gereji hawaoni faida ya kuwauliza.

Watozaji wengine wa Ulaya wanavidharau vipuri vya India, wakisema si vya asili. Mimi sikubaliani nao. Kipuri cha India kilichofungwa Dar es Salaam kikaipeleka Vespa kazini miaka ishirini, nacho ni historia, tena historia yetu. Ninachokubaliana nao ni hili: rangi ya zamani ikiwa bado inashika, hata kama imechunika, iacheni. Ikishakwanguliwa hairudi.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kumwita mwenye mzani, fanya mambo mawili. Tafuta kadi ya usajili, uilinganishe na namba iliyopigwa kwenye bodi na kwenye injini, maana mali bila daftari huisha bila habari. Kisha mwite fundi mzee aje na bisibisi yake, na kijana mmoja wa nyumbani asimame karibu asikilize. Bei utaijua baada ya hapo.