Gari la zamani linavuja oili na kutoa mlio: uanzie wapi kuangalia?

Gari lililokwishatembea miaka 20 kwenye barabara za vumbi likidondosha oili kidogo, wengi husema ni uzee. Mara nyingi ni kweli. Lakini kijijini gari hilohilo ndilo linalobeba mahindi kwenda mnadani na kumpeleka mama mjamzito hospitali usiku. Injini ikifa njiani, huenda hakuna gari la pili. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kutofautisha uvujaji wa kuvumilika na ule wa hatari, na mlio wa kusubiri na ule unaokutaka uzime injini papo hapo. Unahitaji kitambaa, boksi la karatasi, tochi ya simu na masikio yako.

Pima oili kwanza

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, usubiri dakika 5 hadi 10 ili oili ishuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha kitoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kuwasha. Usipitishe alama ya juu: oili iliyozidi hupigwa na krenki shafti ikawa povu, na povu halilainishi vyuma.

Oili nyeusi si ajabu, hasa kwa injini ya dizeli. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani yake, na mara nyingi chanzo ni gasketi ya silinda hedi kuharibika. Gari la namna hiyo usiliwashe, mwite fundi alipo.

Si kila tone ni oili ya injini

Jioni tandika boksi lililofunguliwa chini ya gari, na uandike upande upi ni mbele. Asubuhi soma madoa:

- Kahawia au nyeusi, chini ya injini: oili ya injini.
- Nyekundu: mara nyingi ni oili ya gia boksi ya otomatiki au ya pawa stelingi.
- Nzito, yenye harufu kali: oili ya gia boksi ya kawaida au ya difu.
- Kijani au waridi, inayoteleza kidogo: maji ya rejeta yenye dawa.
- Nyepesi ya manjano hafifu, karibu na gurudumu au chini ya pedeli: inaweza kuwa mafuta ya breki. Usiliendeshe gari hilo hata mwendo mfupi.
- Maji safi yasiyo na harufu: kama ulikuwa umewasha kiyoyozi, ni kawaida.

Kutafuta chanzo

Oili hutiririka kwenda chini, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo panapodondosha si lazima pawe panapovuja. Injini ikiwa imepoa, isafishe na uiache ikauke kabisa. Endesha kwa dakika 15 hivi, zima, kisha mulika kwa tochi ukianzia juu na mbele. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa.

Fuata mpangilio huu: kava la tapeti, swichi ya presha ya oili, filta, sili ya mbele ya krenki nyuma ya puli, sampu na bolti yake ya kumwagia oili, na mwisho sili ya nyuma, pale injini inapokutana na gia boksi. Kama uvujaji ulianza baada ya kubadilisha oili, anza na filta na bolti ya sampu. Huenda washa ya bolti imechakaa, au mpira wa filta ya zamani umebaki umenasa.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kubadilisha sili ya nyuma kunahitaji kushusha gia boksi. Lakini gasketi ya kava la tapeti ikivuja upande wa nyuma, oili hushuka na kudondosha palepale, ikaonekana kama sili imekufa. Gasketi hiyo ni nafuu na hubadilishwa bila kushusha kitu. Kabla ya kukubali kazi kubwa, mwombe fundi apapase juu, nyuma ya kava.

Mwambie pia akague bomba la kupumulia la injini. Likiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili kwenye sili, hata zile mpya. Na asijaze silikoni kupita kiasi kwenye sampu, kwa sababu vipande vinaweza kukatika ndani na kuziba mdomo wa pampu ya oili.

Oili ikipungua bila tone chini, tazama moshi. Moshi wa bluu asubuhi unaoisha baada ya muda mfupi huashiria sili za valvu. Ukitoka kila ukikanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni.

Kusoma milio

Sikiliza injini ikiwa baridi, kisha ikiwa moto, kisha ikiwa na mzigo.

Mlio mwembamba wa tik-tik juu ya injini, unaoongezeka na mwendo, mara nyingi ni tapeti. Pima oili kwanza. Ikiwa sawa, zinahitaji kurekebishwa. Mlio unaofanana na huo lakini unaofifia injini ikipata moto unaweza kuwa gasketi ya ekzosi inayovujisha hewa.

Mlio mkali unaolia asubuhi au siku ya mvua ni mkanda wa feni uliolegea au kuchakaa. Mlio unaokuja ukikanyaga klachi huelekeza kwenye bearingi ya klachi. Mlio unaokuwapo na kupotea ukikanyaga klachi huelekeza kwenye bearingi za gia boksi.

Mgongo mzito wa gong-gong kutoka chini, unaozidi ukipanda mlima au ukibeba mzigo, ndio wa kuogopwa. Ni dalili ya bearingi za konrodi kulika, yaani injini inaelekea kunoki. Kuweka oili nzito kutapunguza kelele kwa muda tu. Baadhi ya wauzaji hufanya hivyo kabla ya kuuza gari, kwa hiyo ukinunua lililotumika, lisikilize likiwa moto na kwenye mlima.

Lini usimame, lini uendelee

Zima injini mara moja ikiwa taa nyekundu ya oili imewaka ukiendesha, ikiwa unasikia mgongo mzito, au ikiwa oili inadondokea ekzosi na kutoa moshi, maana inaweza kushika moto. Taa hiyo inaonya kuhusu presha. Inapowaka, vyuma vinaweza kuwa tayari vinasagana.

Tone moja mawili kwa usiku, bila kelele wala taa, unaweza kuendelea nalo. Pima oili kila wiki, beba lita moja ya akiba ya aina ileile, na upange siku ya kwenda gereji.

Fundi akiwa mbali, rekodi mlio kwa simu na umtumie. Mweleze unatokea lini: baridi au moto, mlimani au tambarare, klachi ikiwa imekanyagwa au la. Piga picha ya boksi lenye madoa pia. Atajua aje na vipuri gani, nawe utapungukiwa na safari za bure.