Baraza la Mfano na Lugha Yetu

Huko Kikuyu, mjini Dodoma, palikuwa na Shule ya Sekondari ya Mazengo; tangu 2007 pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mwanafunzi wa hapo, au wa popote nchini, akishika nafasi ya balozi katika Baraza la mfano la Umoja wa Mataifa, huenda akadhani yu mchezoni. Historia yakanusha.

Tangu 1946 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, mfano wa mwana aliye chini ya mlezi. Machi 1955 Julius Nyerere, mwalimu wa miaka 32, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York kuwasemea wenyeji. Tarehe 14 Desemba 1961, siku tano baada ya uhuru, nchi ikapokewa uanachama. Salim Ahmed Salim alipewa ubalozi wa Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu.

Basi ujana si kizuizi. Limebaki jambo la lugha. Lugha rasmi za Umoja huo ni sita, na Kiswahili hakimo, ingawa UNESCO ilikitengea siku ya 7 Julai mwaka 2021. Maneno balozi, mjumbe na azimio tunayo. Yafaa mazoezi hayo yafanywe pia kwa Kiswahili, hoja ikomae katika lugha iliyoizaa.